Kibwebwe

Mama alisema: mwaka huu jifunge kibwebwe.
Alimaanisha hisabati.

Nikajifunga kweli. Mwalimu Kadenyi alitukatia
vitambaa vya pazia kuukuu la bwenini,
kimoja nyonga ya kulia, kimoja ya kushoto.
Mpira wenyewe una umbo la papai bichi.

Tulikuwa saba. Uwanja wetu hapa Mbale umeinama kama paa:
ukishuka unaruka, ukipanda unamwomba Mungu.
Wavulana walicheka hadi kengele.
Sasa tuko arobaini na wawili,
na madirisha ya bweni la pili hayana mapazia.

Sheria ni hii: usinishike, usinisukume.
Ukitaka kunisimamisha, nyakua kitambaa.
Minayo aliisoma mara mbili, akauliza,
"Hata njiani kwenda nyumbani?"
Hakuna aliyecheka.

Jumamosi wa Chavakali walikuja kwa lori la majani chai.
Nilikata kulia, nikasikia vidole vikichuma hewa,
hewa,
hewa tena,
kisha mstari wa chokaa, nyuma yangu.

Mama alikuwa nje ya ua, ndoo kichwani.
Hakupiga makofi.
Aliitua ndoo, akaifungua leso kiunoni,
akaifunga upya,
akaikaza.