Dole Gumba Haliapi

Katika zahanati ya Igogo, juu ya kabati la dawa za minyoo,
Sista Brida alitundika picha ya wanaume tisa:
makoti mazito, kola ngumu, macho ya watu wasiolala.
Mmoja hana uso.
Umekwanguliwa kwa msumari.

Nilidhani ni kazi ya mende.
"Ni kazi ya mjomba," alisema, akihesabu vidonge
viwili viwili kwa kisu cha siagi.
"Huyo asiye na uso ni baba."

Kisha akasimulia, mvua ikipiga bati,
kwa Kiswahili chake cha Sumve, chenye Kisukuma ndani:

Walipigana pamoja, wakala chungu kimoja.
Wenzao wakatumwa ng'ambo kuzungumza na watu wa mfalme,
wakarudi na karatasi.
Nchi imo, ila kona ya kaskazini imekatwa
kama kitenge kilichopitia kwa fundi mwizi.
Uhuru umo. Na kiapo kwa mfalme kimo.
Baba akasema: nusu shari kuliko shari kamili,
hili ni jiwe la kukanyaga, tutavuka.
Mjomba akasema: ukikanyaga jiwe la mwenzio
utashuka siku atakayolitaka.

Basi bunduki zilizomfukuza Mwingereza zikageuzwa shingo.
Waliojificha handaki moja wakatafutana kwa taa.
Serikali changa, haijaota hata meno,
ikawapiga risasi watoto wa nyumba yake alfajiri,
na mchana, watu walewale, mikono imenawiwa,
wakajadili stempu
na masanduku ya barua yaliyokuwa mekundu: yapakwe kijani.
Yakapakwa.
Ila chini ya kijani taji lilibaki kwenye chuma.
Ukipitisha kidole unalihisi.

"Ndivyo nchi inavyoanza," alisema. "Wino wa bendera unakauka.
Rangi ya sanduku la barua haikauki."

Nikalikumbuka lile jiwe letu majini,
linaloitwa Bismarck mpaka leo,
jina la mkubwa ambaye hakuwahi hata kunawa ziwa hili.
Sisi hatukulipaka rangi yoyote. Tunapigia picha tu.

"Na kwenu," Sista akauliza, "nani alitia sahihi?"

Alijuaje?

Baba yangu, Lubango, karani wa mizani,
ndiye aliyekubali bei ya pamba,
senti kadhaa pungufu, ili chama kipate leseni ya kinu.
Kaka yake, Mihayo, alimwaga marobota mawili barabarani,
mbuzi wakatafuna hadi magunia.
Miaka kumi na mmoja hawakuombana chumvi.
Mama akipika sato alitenga kichwa,
akakifunika kwa sahani, akakipeleka kwa Mihayo gizani,
na baba, aliyekuwa anajua,
akakohoa tu.

Sikumjibu Sista. Nilichukua kitambaa, nikafuta kioo cha picha.
Penye mkwaruzo pakawa peupe zaidi.

Leo nimewapita wote watatu kwa umri, ndiyo maana naandika.
Mwaka kinu kilipoanza kugawa faida
Mihayo alikuja, suruali imepigwa pasi kama ya kipaimara,
akapanga foleni, zamu yake ikafika
mbele ya daftari, mbele ya baba.
Mtu aliyesoma hadi darasa la nane,
mwenye mwandiko uliosomwa kanisani kila Pasaka,
akasukuma kalamu kando,
akaomba kidau cha wino,
akagandamiza dole gumba.

"Dole halisomi," alisema, akitazama mizani.
"Kwa hiyo haliapi."

Baba akalivuta daftari, akapuliza wino ukauke.
Akapuliza muda mrefu
kuliko wino ulivyohitaji.