Mto wa Yadi Arobaini

Mimi sikuwa Nahodha wala Malkia.
Mimi nilikuwa mto.
Nilichuchumaa kushoto mwa jukwaa, ukumbi wa wafanyakazi, Walukuba,
Isabirye akachuchumaa kulia,
na kati yetu yadi arobaini za kitambaa cha buluu
tulizoazima kiwandani kwa sahihi yangu.
Nikitikisa taratibu, ni Jinja.
Nikitikisa kwa hasira, ni bahari kuu
na Nahodha anatapika ndani ya karai.

Nahodha alikuwa Naigaga, karani wa mishahara,
masharubu yake ncha ya mkia wa mbuzi,
suruali ya kaka yake imefungwa kwa kamba ya katani.
Malkia alikuwa Tenywa, fundi wa kuchomelea,
mabega kama mlango wa ghala,
gauni la chandarua,
ndevu zimepakwa poda zikakataa kufichika.
Ili safari ipate nauli
aliweka taji rehani kwa muuza chapati,
akapewa risiti, akaibusu, akasema kwa sauti nyembamba:

    Nahodha, ishike njia, ukagundue dunia,
    Watu wakikuambia, "Tulianza kuingia,"
    Jifanye hujasikia, tundika bendera pia,
    Ulete shilingi mia, taji langu lanilia!

Watu walicheka mpaka benchi la polisi likavunjika.

Basi Nahodha akafika.
Akashuka kwenye karai, akachomeka ufagio wenye foronya,
akawakazia macho watu mia tatu waliokaa mbele yake
na kutangaza: "Mahali hapa hapana mtu!"

Hapo umeme ukakatika.
Jinja, mji wa bwawa,
mpishi wa miji mingine anayelala na njaa.
Gizani niliendelea kutikisa.
Nani aliwahi kuona mto ukingoja taa?

Tochi za polisi zilipowaka
alikuwa amesimama katikati ya maji yangu
Bi Kagoya, dobi wa magwanda ya kiwandani,
ambaye hakuwemo kwenye mchezo.
"Wewe mgunduzi," akasema, "kanyaga polepole.
Hapo nimeanika."
Naigaga akasahau maneno yote.
Sharubu moja ikadondoka.
"Mto umeuona, sivyo? Haya,
shika upande ule, tukamue."

Wakaukamua.
Kitambaa kikavu, nami naapa
nilisikia matone.

Mama yangu aliyajua maporomoko
kabla bwawa halijayanyamazisha.
Alisema yalivuma kama kijiji kizima kinatwanga
na mtu alilazimika kupiga kelele ili aombe chumvi.
Hilo sikuliandika kwenye mchezo.
Nilijaribu, halikuchekesha.

Asubuhi tuliurudisha mto ghalani
mimi na Isabirye, umekunjwa, kichwani.
Oguttu mlinzi akaupima kwa rula ya chuma,
akapima tena,
akavua miwani.
"Thelathini na nne," akasema. "Mto wenu umepungua."

Ilipita miezi miwili, labda mitatu.
Sokoni Masese, penye mizani ya samaki,
nikaona gomesi mpya, ya buluu,
mabega yamesimama wima kama masikio ya sungura,
na ndani yake Bi Kagoya akichagua mukene.
Nikasimama mbele yake. Hata sikufungua kinywa.
"Niliikuta pale chini," akasema,
"na hapakuwa na mtu."
Akajigeuza nione mgongo ulivyokaa.
Ulikaa vizuri.

Makato yalikuwa mishahara miwili, nusu nusu.
Naigaga ndiye aliyeandika, kwa wino mwekundu,
kwenye safu ya sababu, mwandiko wake ule wa kulala:
*mto, yadi sita.*