Bango la Usoke

Mara ya kwanza nilipaka bluu.
Jina la kampuni lilikuwa refu, lilikula mabati matatu,
chini yake UMEME WA MAKAA YA MAWE, MEGAWATI MIA MBILI,
na chini kabisa, MRADI HUU NI WENU.
Mhandisi alisema hayo ya chini yasizidi kiganja.
Makaa yangetoka kusini kwa treni.
Tulicheka pembeni, sisi tunaosafirisha mkaa usiku
tukiwakwepa watu wa misitu.

Kalunde alikuwa na mizinga arobaini na miwili porini.
Waliandika thelathini.
Iliyobaki ni mitupu, walisema,
kana kwamba nyuki huitikia mahudhurio.

Mara ya pili, kijani.
Mwenye mradi alikuwa amemuuzia mwenzake,
mwenzake ana mbia, mbia ana benki,
na benki iko mahali ambapo mchana wetu ni usiku.
Kijiji kikapewa asilimia tatu.
Sizya, mwenyekiti, aliifunga karatasi kwenye mfuko wa sukari
akaiweka juu ya kabati, pamoja na kadi za kliniki.
Mkutanoni kijana wa Ngole akauliza:
asilimia tatu ya kitu kisichojengwa
huliwa kwa ugali au kwa wali?
Zikagawiwa soda.

Mara ya tatu walipiga simu tu.
Fundi, futa, acha jeupe. Jina litakuja.
Ile ya pili sijalipwa mpaka leo,
lakini nilikwenda, kopo limefungwa nyuma ya baiskeli.
Msingi umejaa maji, vyura wamo.
Nondo zilizobaki ni zile zilizoshindikana kung'oka;
nyingine ni madirisha ya watu, siwataji.

Niliegemeza ngazi. Nikasikia mngurumo.
Kwa sekunde moja, wallahi,
nilidhani mtambo.

Kumbe nyuma ya bati, kwenye mwanya wa ubao,
kundi zima, masega yameshafika herufi ya M.
Nilimwita Kalunde. Alikuja na kanga ya shambani,
akaweka sikio kwenye neno WENU,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
Usipake, alisema. Harufu itawahamisha.
Nikamuuliza, ni wale wako?
Sijui, akasema. Hawaandikwi.

Jioni simu iliita.
Vipi fundi, umeshafuta?
Nikawaambia bado,
nimekuta wenyewe.