Akidi

Seva tatu, kila moja na matundu manne mgongoni,
nami nimepiga magoti, Narva, Februari,
ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha nguo.
Bibi yangu Klavdia aliunga nyuzi humu miaka thelathini na moja.
Mimi naunga waya. Kiuno kinachouma ni kilekile.

Tundu la kwanza: usimamizi. La pili: ghala la data.
La tatu: mlango wa wateja.
La nne tuliliita moyo, maana humo hupita
salamu moja tu, kila sekunde, mashine kwa mashine:
upo? Nipo. Upo? Nipo.

Nikayagawa majina kwa macho,
kushoto kwenda kulia, kama mtu asomavyo.
Kumbe seva ya tatu ilitoka kiwanda kingine,
kadi yake imepachikwa kichwa chini:
kwake moja ni nne, na nne ni moja.

Salamu zake zikapotelea pasipo na mpokeaji.
Sekunde ya tano, zile mbili zikakaa kikao.
Wawili kati ya watatu: akidi imetimia.
Zikaandika, bila chuki, kwa herufi ndogo za kijani,
mwenzetu amefariki,
zikaikatia umeme.
Nayo muda wote ilikuwa ikiita: nipo.

"Ikonyeze taa," akasema Urmas mlangoni, kikombe mkononi.
Tukaiwasha upya, nikaandika amri.
Gizani nyuma ya kabati taa ikapepesa,
siyo niliyoitarajia.
Nikazisoma kwa kidole tarakimu kumi na mbili
ilizozaliwa nazo, kabla sijaipa jina lolote.
Nikachomoa. Nikachomeka. Nikabandika karatasi: MOYO, USIGUSE.

Ng'ambo ya mto ni Urusi.
Rimma, dada yake bibi, anakaa kule;
dirisha lake linaonekana, ukijua pa kutazama.
Tangu Oktoba simu haipokelewi.
Jumapili, mezani, mama na mjomba Gennadi walishakubaliana.
Bibi peke yake alikataa kuwasha mshumaa.
"Mlipiga namba ipi?" aliuliza,
na sisi tukaendelea kumenya viazi.

Saa kumi na moja alfajiri. Taa tatu zinaitikiana.
Urmas amelala kitini, kiatu kimoja mguuni.
Mkobani ninalo daftari la bibi, namba zimefutwa, zimeandikwa juu,
saba yake hufanana na moja.
Naanza upya, safari hii kutoka kulia.