Hodi ya Ndani

Saa nne asubuhi, Wete, kituo cha karafuu.
Mizani imeshasema kilo kumi na saba na robo,
Bi Mize kaegemea gunia lake,
na kwenye skrini yangu kijiduara kinazunguka pale pale
kama ngamia wa kinu.

"Jina lako nani, bibi?" Namuuliza mara ya tatu.
"Mize binti Hamad Faki, wa Shengejuu,
mamangu Riziki, nyumba ya nyuma ya skuli."
Nayaandika yote,
kumbe anayemsubirisha
hajui mwenyewe anaitwaje.

Aibu hiyo niliiona
nilipofungua dirisha jeusi la amri.
Seva tuliyoikodi juzi huko mawinguni,
tukaiita Kojani,
inanijibu bila haya:
Kojani? Simjui.

Jina limebandikwa mlangoni, ndani hapana wa kuitika.
Kila ikitaka kufanya jambo la wakubwa
hujipigia hodi,
hungoja sekunde tano,
kisha hutuma mtu ng'ambo, kwa waya wa chini ya bahari,
akaulize kwa wageni:
samahanini, mimi ni nani?
Na huko nako hawamjui.

Nikaongeza mstari mmoja:
mia ishirini na saba, sufuri, moja, moja,
anwani ya kurudi kwako mwenyewe,
na ubavuni pake, Kojani.
Basi.
Stakabadhi ikatoka ingali na joto.
Bi Mize akaikunja mara nne,
akaitia nyuma ya kifuniko cha simu.
"Siku zote nlijua mie ni nani," akasema,
"shida ilikuwa kwenu."

Mkuu wangu, Omar Shehe, akanambia:
andika daftarini, ikizaliwa nyengine
tutaongeza kwa mkono.
Nikakataa.
Keshokutwa tunaleta Fundo, halafu Njao;
nani atakumbuka, siku ya foleni, mstari ule?
Mtoto wetu huadhiniwa sikioni
angali na unyevu wa kuzaliwa.
Haambiwi: kwanza ukwame, ndo tukuite.

Usiku, umeme ukikatika na kurudi,
niliutia mstari ndani ya kiolezo,
pale mashine zote zinapochongwa,
kabla ya mtandao, kabla ya kujua mtu mwengine yeyote.

Alfajiri nikaiwasha Fundo.
Nikaiuliza jina.
Haikwenda ng'ambo.