Pua ya Mama Ukutani

Feza Kashindi alianza na vibao:
DAWA BARIDI. KINYOZI WA KISASA.
HATUKOPESHI HATA KAMA TUNAFAHAMIANA.
Herufi zake zilinona kama migebuka ya Kibirizi,
na wenye maduka wakamlipa nusu,
nusu nyingine maneno.

Usiku, kwa taa ya chemli,
alichora asichoagizwa:
mabega ya bibi zetu
waliovushwa ziwa na mizigo isiyo yao,
wakafika Ujiji, wakazaa, wakazika,
na bado karani anauliza,
"Nyie hasa ni wa wapi?"

Wakamwita Dar na turubai zake sita.
Kwenye fomu, penye asili ya msanii,
aliandika: Ujiji.
Wakasema haitoshi.
Akaongeza: karibu na mashine ya mawese.

Alirudi kwa treni,
hela ya picha mbili kaishona kwenye upindo wa kitenge,
akapanga ghala bovu lililowahi kuwekwa chumvi ya Uvinza.
Hakutundika kibao. Yeye, wa vibao!
Mlango ukiwa wazi, alisema, unasomeka.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Tulitwanga udongo mwekundu wa Mwandiga,
tukakwangua masizi kwenye masufuria ya mama ntilie
kwa ruhusa,
mara moja bila ruhusa.
Sharti lake lilikuwa moja:
usichore usiyemjua jina.
Basi tukabisha hodi nyumba kwa nyumba,
tukiomba majina kama watu waombao kaa la moto.

Ukuta wa soko ulipojaa
mama yangu alinuna miezi mitatu.
"Pua ile si yangu. Ile ni ya Mwavita."
Mwavita, dada yake;
hawakusemezana tangu msiba wa babu.
Feza akaja na ngazi, akaipunguza.
Mama akatazama, akatazama,
akakaza mtandio.
"Irudishe."
Jioni ile alivuka barabara
na kilo mbili za mchele kwenye ungo.

Sasa mkono wa Feza unatetemeka.
Herufi kawaachia vijana.
Anakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
anagombana na Halmashauri
juu ya mfereji unaomwaga maji machafu
miguuni mwa bibi zetu.
Mfereji wameuhamisha nusu.
Nusu nyingine, mpaka leo, maneno.