Kipimo cha Katibu

Nyota yake ya kwanza niliishona mimi,
chumba kimoja Mtaa wa Biashara, cherehani ya miguu.
Luteni Mwachiro, shingo nyembamba kama ya mwanafunzi,
alilipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili.

Kisha kila cheo kilipita chini ya sindano hii:
kapteni, meja, kanali. Kifua kilipanuka,
bega la kulia likashuka, hilo la bunduki,
nami nikalitilia sponji bila kuulizwa.

Mwaka kikosi chake kiliporudi Nyali
pungufu watu kumi na mmoja
hakuleta nguo. Alikaa kwenye kigoda cha wateja,
akanywa kahawa chungu,
akauliza bei ya uzi mweusi.

Ujenerali wenyewe walimshonea Nairobi.
Niliuona gazetini. Mkono wa kushoto ulivuta.

Leo amekuja na dereva. Katibu, Wizara ya Ulinzi.
Ataka suti.
"Bega liache lilivyo," asema.
Napima kiuno, napima mgongo;
asimama wima kama mtu anayekaguliwa.

"Mfuko wa ndani, upande wa moyo. Uwe mrefu."
Nilidhani ni wa kalamu,
maana siku hizi vijana wa Mtongwe
huvushwa mipaka kwa wino wake.
Akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo,
majina kumi na moja,
akaipachika kifuani tuone kama itatosha.

Imetosha. Na nafasi imebaki.
Nauliza, mzee, niupunguze?

Chaki i mkononi. Hajajibu.